Tangu Lini? Swali la Kuuliza Kabla Mgonjwa Hajaitwa Mwendawazimu

Mtumbwi ukitoka Alunguli kuelekea ng'ambo ya pili ya Kindu, mto Lualaba humpa abiria muda wa kutosha kusikia habari za kila aliyeketi naye. Tuseme asubuhi moja katikati ya mtumbwi ameketi mzee wa miaka 70, binti yake kamshika mkono asisimame. Tangu juzi usiku mzee anazungumza na mkewe aliyekwisha kufariki, anavua shati, anang'ang'ania kwenda kazini kwenye reli, kazi aliyostaafu zamani. Hata nusu ya mto haijafikiwa, abiria wamekwisha kutoa hukumu tatu. Mmoja anasema mzee karogwa. Wa pili anasema huo ni uzee tu, mtu akizeeka hurudi utotoni. Wa tatu anasema ni wazimu, naye anamjua mchungaji mwenye chumba cha maombi ambako watu wa namna hii hufungiwa mpaka watulie.

Wote watatu wamelisikia neno "juzi", na wote watatu wamelipita.

Mzee huyo ni wa mfano, lakini familia nyingi za Kindu na mkoa wake wa Maniema zina wake. Na ndani ya lile neno moja ndimo ilimo nusu ya uchunguzi. Mtu ambaye wiki iliyopita alihesabu pesa za mchele wake bila kukosea, kisha leo hamtambui bintiye, hajashikwa na ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni. Ule hutafuna taratibu, kwa miaka. Wala hajaingiwa na wazimu. Ubongo wake umeshtukizwa na jambo lililo mwilini: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, dawa iliyozidi kipimo, au pombe ya lotoko iliyokatizwa ghafla baada ya miaka ya kunywa kila siku. Kitabibu hiyo ni dharura. Mara nyingi hutibika, na ikicheleweshwa huua.

Si jambo la nadra. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti waliwapima wagonjwa wa miaka 60 na zaidi waliolazwa kwa maradhi mbalimbali, wakakuta karibu mmoja kati ya watano amechanganyikiwa kwa namna hii.

Kosa la abiria wale linaanzia kwenye maneno. Kiswahili cha mtaani kina gunia moja la kutilia kila kitu: wazimu, kichaa, kurukwa na akili. Humo hutupwa kijana anayesikia sauti, mama aliyejifungua wiki iliyopita na halali, bibi anayepotea njia ya kurudi nyumbani, mtoto wa kifafa, na mlevi anayetetemeka alfajiri. Kifaransa cha hospitalini nacho hakisaidii sana. Familia ikirudi na karatasi iliyoandikwa "démence", jirani aliyesoma kidogo huwatafsiria kuwa mzee wao ni mwendawazimu, kwa kuwa ndivyo neno hilo linavyotumika barabarani. Daktari alikusudia dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu na uwezo wa kujitunza. Hata neno mganga lina mtego wake: Kindu "munganga" ni daktari wa hospitali, ila msomaji wa Tanga akiambiwa mgonjwa kapelekwa kwa mganga atafikiria hirizi na kombe.

Ndiyo maana njia nyepesi ya kuanza kulifungua gunia hilo ni kuuliza ugonjwa una umri gani. Uliozuka kwa saa au siku chache, mwili ushukiwe kwanza. Wa majuma na miezi unaweza kuwa sonona, ugonjwa wa akili unaoanza, damu iliyovujia kichwani, au maambukizi ya polepole. Wa miaka, unaozidi kidogo kidogo bila kurudi nyuma, ndipo dimenshia inapopaswa kufikiriwa. Kanuni hii ina mianya, na mwanya mmojawapo unaishi kandokando ya mito ya Maniema yenyewe, tutaufikia.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla kuna alama zake. Hupanda na kushuka: asubuhi mgonjwa anajibu vizuri mpaka watu wanaona aibu kumpeleka hospitali, jioni hajui yuko wapi. Usiku huwa mbaya zaidi. Huona vitu, kama wadudu ukutani au mtu mlangoni. Na mtu mzima anayeanza kuona vitu ambavyo havipo, hasa akiwa amevuka miaka 50, achunguzwe mwili kabla ya lolote. Zaidi ya yote, hawezi kushika jambo moja akilini. Wauguzi hupima hilo kwa kumwambia mgonjwa ahesabu kurudi nyuma kutoka 20 hadi 1. Mahali pengine huombwa ataje siku za juma kinyumenyume, lakini mashariki mwa Kongo kipimo hicho kina kasoro ya kuchekesha: kwa watu wengi Jumatatu ni siku ya kwanza na Jumanne ni siku ya pili, kwa hiyo ukishapita siku ya posho, ambayo ndiyo Jumamosi, unabaki kuhesabu namba tu.

Kuna sura nyingine ya hali hii ambayo huwaponyoka wengi. Mgonjwa hapigi kelele. Amenyamaza, analala mchana kutwa, haombi chakula, akiitwa anafumbua jicho na kulifumba. Nyumbani husemwa mzee amechoka, aachwe apumzike. Huyo ana hatari sawa na yule anayevua shati, na kwa sababu hasumbui mtu hufikishwa hospitali amechelewa.

Kitakiwacho siku hiyohiyo ni vitu vinavyopatikana hata katika kituo kidogo cha afya: kupima malaria, kupima joto, kuangalia sukari ikiwa kipo kipimo chake, kuuliza mkojo na choo, kuhesabu pumzi. Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamidi akianza kutoka jasho na kupayuka, apewe maji ya sukari mara moja ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, kisha apelekwe. Kwinini pia hushusha sukari, jambo ambalo ndugu anayefurahia kwamba malaria "imeshatibiwa" hawezi kulijua. Asiyejitambua asimiminiwe chochote mdomoni. Na asifungwe kamba. Kamba humwongezea hofu na humvunja misuli. Mtu mmoja anayemjua, akikaa karibu na taa na kumwita kwa jina lake, humtuliza zaidi.

Sasa ule mwanya, nao ni malale. Mwaka 1903 Chuo cha Tiba za Tropiki cha Liverpool kilituma msafara Kongo kuchunguza malale. Ndani yake alikuwamo daktari kijana Joseph Everett Dutton, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amekitambua kijidudu cha malale katika damu ya binadamu huko Gambia. Msafara ulipanda mto hadi Kasongo, kusini mwa Kindu, na huko Dutton akafa Februari 1905 kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Maniema imo katika historia ya ugonjwa huu tangu mwanzo, na bado imo katika ramani yake.

Malale ya Afrika ya kati na magharibi huletwa na mbung'o wanaokaa kwenye vichaka vya kingo za mito. Huanza kimyakimya: homa za kuja na kwenda, kichwa kuuma, mwasho, tezi kuvimba nyuma ya shingo. Inaweza kupita miezi, hata miaka, ndipo vijidudu vikaingia katika ubongo. Hapo mtu hugeuka. Mpole huwa mkali, mchapakazi huwa mvivu, mwenye haya hufanya mambo ya aibu mbele ya wakwe. Usingizi hupinduka: usiku anazunguka uani, mchana anasinzia na kijiko mkononi. Anayeangalia kwa haraka ataona wazimu. Daktari wa mjini asiyeuliza mgonjwa alikuwa akivua au kulima wapi anaweza kumwandikia dawa za kutuliza akili na kumrudisha nyumbani kufa.

Hapa kuna habari njema ambayo haijasikika vya kutosha. Kwa miongo mingi malale iliyofika ubongoni ilitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, iliyoua yenyewe karibu mgonjwa mmoja katika kila 20 waliodungwa. Leo kuna feksinidazoli, vidonge vya kumeza siku 10 pamoja na chakula, ambayo majaribio yake makubwa yalifanyika hasa Kongo na ambayo nchi iliiidhinisha mwishoni mwa mwaka 2018. Wagonjwa waliosajiliwa Afrika nzima walikuwa karibu 40,000 mwaka 1998. Tangu 2018 wale wa aina hii ya malale hawafiki 1,000 kwa mwaka, na Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa. Matibabu ni bure. Lakini kupungua huko kwa wagonjwa kuna ubaya wake: ugonjwa ukiwa adimu, wauguzi vijana huusahau. Familia iliyoishi karibu na mto na ina mgonjwa aliyegeuka tabia pamoja na usingizi kupinduka ina haki ya kutamka neno malale mbele ya muuguzi, hata kama hajauliza.

Malale si peke yake katika kundi hili la magonjwa ya mwili yanayovaa vazi la akili. Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa hufikia ubongo. Kaswende ya miaka mingi vilevile. Na vyote viwili hupimwa kwa tone la damu. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa humfanya mtu awe mzito, msahaulifu na mwenye huzuni. Kongo inaifahamu vizuri kupitia kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, ambako wanasayansi walifika miaka ya 1960 kuchunguza rovu na watoto waliozaliwa wamedumaa akili kwa ukosefu wa madini joto. Na yupo yule aliyeanguka na pikipiki, akasimama, akapangusa vumbi, akaendelea na safari. Wiki tatu baadaye anaumwa kichwa, anasinzia, anasahau, mguu mmoja unaburuta. Damu ilikuwa ikivuja polepole chini ya fuvu. Wazee na walevi ndio huipata zaidi, na mara nyingi hawakumbuki hata kuanguka.

Dimenshia yenyewe huingia kwa mlango wa nyuma. Bibi anauliza swali lilelile mara nne kabla ya chai kupoa. Anaweka chumvi mara mbili, kesho yake haweki kabisa. Anaanza kumshtaki mkwewe kwamba anamwibia vitenge, ambavyo yeye mwenyewe alivificha chini ya godoro. Mambo ya zamani anayasimulia bila kukosea hata jina moja, ya jana hayapo. Wengi hudanganyika na kumbukumbu hiyo ya zamani: atakuwaje mgonjwa mtu anayekumbuka Kindu ya kabla ya uhuru? Lakini ndivyo ulivyo ugonjwa huu, mavuno mapya ndiyo huyala kwanza.

Je, utaupimaje kwa mtu ambaye hakusoma shule? Hilo lilikuwa tatizo la kweli, maana vipimo vya Ulaya vinadai kalamu, karatasi na kuchora saa. Jibu zuri lilitoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi. Timu hiyo ilitunga kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa mahali pake ni nani. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Hupewa maneno 10, akaulizwa tena baadaye amekumbuka mangapi. Kisha mpimaji hutoa njiti nne za kiberiti, azipange mezani kwa umbo fulani, na mzee apewe nne zake azipange vilevile. Anayeugua huzishika, huzitazama, huzigeuza, na umbo halitoki. Mikono iliyosuka mikeka maisha yote haijui tena njiti iende upande gani.

Swali jingine katika kipimo hicho ni "daraja ni nini?" Kindu, ambako kati ya Alunguli na mjini watu huvuka kwa mitumbwi na kivuko, huenda likapata majibu yenye manung'uniko ndani yake, lakini mzee mwenye akili timamu atajua kulieleza.

Njiti za kiberiti, alumeti kama ziitwavyo mjini, hazitoi hukumu nyumbani. Zinaonyesha tu kwamba kipimo cha maana hakihitaji mashine. Na anayepimwa awe kwanza ameangaliwa macho na masikio, kwani mtoto wa jicho na uziwi vimewafanya wazee wengi waonekane wamepotewa na akili. Presha, au tansio, nayo ipimwe: sehemu ya dimenshia hutokana na viharusi vidogo vidogo, na hiyo hushuka ngazi kwa ngazi, leo hatua moja, baada ya miezi hatua nyingine. Aina iliyo ya kawaida zaidi, Alzheimer, haina tiba ya kuiponya. Lakini kuijua mapema humpa mtu nafasi ya kusema ardhi ni ya nani na deni liko kwa nani wakati maneno yake bado yana uzito.

Ugonjwa huu si wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watu wa miaka 65 na zaidi ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.7 Brazzaville na asilimia 8.1 Bangui. Kilicho tofauti kwetu ni gharama ya kutoutambua. Bibi anayetembea usiku bila kujua aendako, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayekutwa kwenye uwanja wa jirani, ana kila dalili ambayo mtaa huhitaji ili umwite mchawi. Mwaka 2021 huko Kivu Kusini wanawake kadhaa waliotuhumiwa uchawi waliuawa, baadhi yao kwa kuchomwa moto. Usukumani, Tanzania, vikongwe waliuawa kwa miaka kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko. Hakuna anayejua ni wangapi kati ya waliouawa walikuwa na ugonjwa ambao njiti nne zingeweza kuufichua.

Sonona ya uzeeni huiga dimenshia vizuri sana, na inatibika, kwa hiyo kuzichanganya ni hasara kubwa. Tofauti huonekana katika namna ya kujibu. Mwenye sonona akiulizwa kitu husema "sijui" na kuinamisha kichwa. Ni yeye mwenyewe anayelalamika kwamba kichwa hakishiki. Mwenye dimenshia hujibu kwa uhakika, jibu likiwa si lenyewe, na wanaolalamika ni wa nyumbani kwake. Sonona huwa na mwanzo unaotajika: msiba, kufukuzwa kijijini, ugonjwa wa mtoto. Humtoa mtu ladha ya chakula, humwamsha saa tisa usiku na asipate tena usingizi, na mara nyingi huongea kwa lugha ya mwili: moyo unaenda mbio, mgongo unawaka, kichwa kina joto. Watu husema "nina mawazo mengi". Zimbabwe Washona wana neno kama hilo, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alilitumia mwaka 2006 kuanzisha benchi la urafiki, ambako bibi wa mtaani aliyefunzwa huketi na mgonjwa na kumsaidia kulichambua tatizo moja moja. Kazi hiyo ilifika hadi Zanzibar.

Maniema ina sababu zake za mawazo mengi. Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD Oktoba 1998, na kwa miaka iliyofuata mji na vijiji viliishi kati ya waasi na wanamgambo wa Mai-Mai, njia zikiwa zimefungwa. Mtoto wa wakati huo sasa ni mzazi. Utafiti uliotoka mwaka 2010 katika jarida la madaktari wa Marekani, uliofanyika Ituri na Kivu zote mbili, ulikuta nusu ya watu wazima waliohojiwa wana dalili za kiwewe, na wanne katika 10 wana dalili za sonona kali. Kiwewe hufanana na wazimu kwa jicho la mpitaji: mtu anaruka mlango ukigongwa, anakwepa njia moja ya kwenda shambani, anaganda katikati ya mazungumzo kana kwamba yuko mahali pengine. Ukimuuliza siku na mahali anakujibu sawasawa. Anajua yuko wapi. Ni tukio lile ambalo halijampita.

Na hutibika bila daktari bingwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo kutoka vijiji vya Kivu, kwa wanawake waliobakwa. Waliopitia vikundi vya tiba ya mazungumzo, vilivyoongozwa na washauri wa hapohapo waliopewa mafunzo na ambao hawakuwa na digrii, walibaki na sonona au wasiwasi mkubwa kwa asilimia 9 tu baada ya miezi sita. Kwa waliopewa msaada wa kawaida wa mmoja mmoja ilikuwa asilimia 42.

Vipi kuhusu kile ambacho kweli mtaa hukiita wazimu? Skizofrenia huanza kwa kawaida ujanani, kati ya miaka ya mwisho ya shule na thelathini. Kijana hujitenga kwa miezi, huacha kuoga, hucheka peke yake, kisha husikia sauti zinazomtaja au kumwamuru. Kumbukumbu yake mara nyingi ipo, tarehe anaijua, na hana homa. Mwingine huwa na vipindi: wiki kadhaa halali wala hachoki, anagawa mali, anatangaza kwamba atajenga kiwanda, kisha anazama katika huzuni. Dawa za hali hizi ni za zamani na si ghali ukilinganisha na mbuzi na pesa zinazoishia kwingine. Kwa wote hao bangi na pombe huzidisha moto.

Mama aliyejifungua anastahili aya yake. Kulia siku ya tatu au ya nne ni kawaida na hupita. Lakini akikaa siku mbili bila usingizi, akadai mtoto si wake au ana kazi maalumu kutoka kwa Mungu, asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, apelekwe usiku huohuo. Aangaliwe pia homa, kwa kuwa maambukizi ya uzazi huleta hali hiyohiyo.

Na kifafa si ugonjwa wa akili wala hakiambukizi kwa povu. Kwa wengi hudhibitiwa kwa kidonge cha fenobarbitali kila siku, ilimradi kisikatizwe ghafla.

Familia itakayokwenda kituo cha afya ibebe vitu vitatu: mtu anayeishi na mgonjwa, pakiti za dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo, na kijitabu. Katika kijitabu iandikwe tarehe dalili ya kwanza ilipoonekana, usingizi, chakula, homa, pombe, kuanguka, na mahali mgonjwa alikokuwa akifanya kazi. Dakika tano za muuguzi mwenye foleni ndefu hazitoshi kuyachota hayo kutoka kwa ndugu watatu wanaobishana. Maombi hayakatazwi. Anayeombewa ale, anywe maji, ameze dawa zake, na asifungwe minyororo. Chumba chochote kinachodai afunge siku saba kwanza kimemwongezea ugonjwa.

Mabingwa wa magonjwa ya akili wa Kongo ni wachache na wengi wao wako Kinshasa, ambako hospitali ya CNPP ya chuo kikuu hupokea wagonjwa wa akili na wa mishipa ya fahamu. Mashariki, Mabruda wa Upendo wana vituo vya afya ya akili: Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu. Kwa mtu wa Kindu njia ya miji hiyo miwili ilikuwa ndefu siku zote, na tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata imekuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo kazi kubwa itafanyika hapahapa, kwa muuguzi wa kituo cha karibu. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango mwaka 2008 kwa ajili ya muuguzi wa namna hiyo hasa: maelekezo ya kumwezesha asiye bingwa kutambua na kutibu sonona, saikosisi, kifafa na dimenshia. Ni haki ya wakazi kuuliza kama muuguzi wao amefunzwa.

Mtumbwi umegusa ukingo. Binti anamshusha baba yake taratibu, na yule abiria wa tatu bado anamwelekeza kwenye chumba cha maombi. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu baada ya dakika 15 hadi 20. Mzee apelekwe kupimwa kwanza.